Kasha Limepasuka, Meza Inayumba: Kutibu Samani za Kambi ya Zama za Kati

Mtu akishajiunga na kundi la kuigiza historia ya Ulaya, wale wanaopiga mahema ya turubai uwanjani, wanavaa kitani na sufu na kupika kwa kuni, haichukui muda kabla hajaambiwa kwamba boksi lake la plastiki linaharibu mandhari. Hapo ndipo wengi huanza kuchonga kasha la nguo na meza ya chakula. Wapo wanaovipeleka Tewkesbury, Uingereza, ambako kila Julai huigizwa vita vya tarehe 4 Mei 1471. Wapo wanaovipeleka Pennsic, mkusanyiko ulioanza 1972 na unaokalia mashamba ya Pennsylvania kwa wiki mbili hivi za kiangazi. Samani ikitoka karakana inapendeza. Mwaka wa pili simu zinaanza: fundi, kifuniko kimegoma, fundi, ubao umepasuka, fundi, meza inatutia aibu mbele ya wageni.

Malalamiko mengi yana mzizi mmoja. Majira ya baridi kasha linakaa sebuleni penye hita, mbao inakauka kupita kiasi. Kiangazi linatupwa kwenye nyasi zenye umande, mbao inakunywa maji hewani na ardhini. Katikati ya safari hizo mbili, ubao unataka kutanuka na kusinyaa, na aliyeutengeneza ameufunga kwa gundi na skrubu usisogee. Ubao hukubali kusogea au kupasuka. Njia ya tatu haujaijua bado.

Shika hesabu hii, maana nitairudia. Ubao wa mwaloni mweupe wenye upana wa sentimita 30, ukitoka kwenye unyevu wa asilimia 6 (nyumba yenye hita) kwenda asilimia 12 (hemani), hutanuka kwa upana karibu milimita 6 au 7, ikiwa pete za miaka zimelala. Ukitazama kichwa cha ubao na kuona pete zimesimama wima, mtanuko ni kama nusu yake, milimita 3 hivi. Kwa urefu, kufuata nyuzi, hautanuki kiasi cha kusumbua. Mafundi wa zamani walipasua magogo ya mwaloni kwa kabari kutoka ganda kuelekea moyo, kwa hiyo mbao zao nyingi zilikuwa za pete zilizosimama. Wewe unanunua mbao ya kiwanda iliyolala, kisha unashangaa kwa nini kasha la jumba la makumbusho limekaa sawa na lako limejikunja.

Kabla ya kushika randa

Hamisha kasha au meza uiweke mahali tambarare, kama sakafu ya saruji au ubao ulionyooshwa kwa pima maji. Kasha likikaa kwenye mwinuko wa nyasi hujipinda lote kidogo, kona moja ikaning'inia, na kifuniko kisikutane na mdomo. Ukilisogeza hatua mbili linafunga. Nimeona mtu akichukua randa na kulila kasha zima lililokuwa limekalia kisiki tu.

Halafu jiulize tatizo lilianza lini. Lililoonekana Januari (huko ni baridi kali) ndani ya nyumba ni la kusinyaa, na lililoonekana Julai (kiangazi chao) shambani ni la kuvimba. Dawa ya moja ni sumu kwa jingine.

Ubao wa mbele umepasuka

Kasha la kawaida kwa anayeanza ni lile la mbao sita: mbele, nyuma, kitako, kifuniko na mbavu mbili. Mbavu husimamishwa nyuzi zikielekea juu na chini, zikateremka kupita kitako ili ziwe miguu. Ubao wa mbele unalala, nyuzi zake zikienda kulia na kushoto, na unapigiliwa misumari kwenye kingo za mbavu. Tatizo liko papo hapo. Kwa kimo, ubavu hausogei. Kwa kimo hichohicho, ubao wa mbele unapanda na kushuka milimita kadhaa kila mwaka.

Soma ufa kabla ya kuutibu. Ukianzia kwenye msumari na kufa njiani baada ya sentimita chache, kosa ni la upigiliaji: hukutoboa tundu kwanza, au ulipiga karibu mno na kichwa cha ubao. Mwaloni mkavu hauvumilii msumari usiotobolewa njia. Na kama unatumia misumari ya pembe nne ya kukatwa kwa mashine, ambayo ni ya karne za baadaye lakini kwa macho inafanana na ya mhunzi, itazame vizuri. Pande mbili zinakwenda sambamba na pande mbili zinachongoka. Upande unaochongoka uelekee na nyuzi za ubao unaoingia kwanza. Ukiugeuza umepiga kabari, nao utafanya kazi ya kabari.

Ufa unaokimbia urefu wote wa ubao, katikati ya safu ya misumari ya juu na ya chini, una upana uleule mwanzo hadi mwisho? Huo ni wa kusinyaa. Ubao ulitaka kupungua, misumari ya juu ikauvuta huku na ya chini kule, ukachanika mahali dhaifu. Hapa kuna watu wanaomimina gundi na kubana kwa jiliwa hadi ufa ufumbe. Usifanye hivyo. Unaufunga ubao kwa nguvu zilezile zilizoupasua, na majira ya baridi yajayo utapasuka pembeni ya gundi.

Ng'oa misumari ya juu, ile ya chini iache. Tundu za juu kwenye ubao wa mbele zirefushe kwa patasi nyembamba, juu na chini, milimita 3 kila upande, kisha rudisha msumari wenye kichwa kipana kitakachofunika tundu. Msumari ushike bila kuchimba kichwa chake ndani ya mbao. Sasa ubao umefungwa chini na uko huru juu. Kama kuna gundi kati ya ubao na ubavu, pitisha msumeno mwembamba uikate yote. Pale gundi haina kazi.

Kuhusu pengo lenyewe, subiri. Likijifumba Julai, liache. Likibaki wazi hata wakati wa unyevu, chonga fito nyembamba ya mti uleule, itie gundi upande mmoja tu na uigonge ndani taratibu. Ukijaza pengo Januari kwa kitu kigumu, kiangazi ubao ukivimba utajisukuma wenyewe na kufungua kona. Makasha mengi ya kale yaliyosalia makanisani Ulaya yana nyufa za namna hii, na bado yanafungwa na kufunguliwa.

Kifuniko kimejikunja

Ubao hujikunja kuelekea upande uliokauka zaidi. Kingo zikiinuka na katikati kubonyea, juu kumekauka kuliko chini: jua limelipiga kasha mchana kutwa huku ndani kukiwa na nguo mbichi. Kingo zikiinama na katikati kuvimba, ni kinyume chake, mara nyingi mvua imeupata uso wa juu.

Dawa ya kambini haina gharama. Ng'oa kifuniko, kilaze kwenye nyasi zenye unyevu upande uliobonyea ukitazama chini, mgongo ukitazama jua. Chini kunakunywa na kuvimba, juu kunakauka na kusinyaa, kifuniko kinanyooka. Kikague kila baada ya saa moja au mbili, maana kikisahauliwa kitapita mstari na kujikunja upande wa pili. Kikishanyooka kirudishe ndani ya hema kivulini, ukisimamishe kwa ukingo ili hewa ipite pande zote.

Hiyo ni huduma ya kwanza. Ugonjwa utarudi kama kifuniko kimepakwa mafuta upande mmoja tu. Watu hupaka juu kwa sababu ndiko kunakoonekana, ndani wakaacha mbao tupu. Paka pande zote mbili idadi ileile ya mikono, na vichwa vya ubao upake zaidi, kwa kuwa ndivyo vinavyokunywa sana. Mafuta ya kitani ndiyo yanayofaa zama hizo. Vitambaa ulivyopakia usivikunje wala kuvitupa kwenye ndoo: mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto chenyewe. Vitandaze nje vikauke kabisa.

Tiba ya kudumu ni mataruma, yaani vipande viwili vinavyokatiza chini ya kifuniko kukizuia kisijikunje. Makasha ya karne ya 13 yanaonyesha ufundi mzuri hapa. Taruma limekaa kwenye kila mwisho wa kifuniko, nje ya ubavu, na nyuma yake kimepitishwa kijiti kinachoingia kwenye nguzo ya kasha. Kijiti hicho ndicho bawaba. Taruma linanyoosha kifuniko na kukibeba kwa wakati mmoja, bila chuma hata kidogo. Ukiiga, usitie gundi taruma lote. Funga imara katikati tu, kule pembeni tundu ziwe ndefu, kwa sababu ileile ya ubao wa mbele.

Kifuniko hakifungi, ufunguo hauzunguki

Umeshalihamisha mahali tambarare na bado linagoma? Pitisha kipande cha karatasi kati ya kifuniko na mdomo wa kasha, uzunguke nacho. Kinaponasa ndipo panapogusa. Kikinasa nyuma tu, karibu na bawaba, bawaba zimezamishwa mno na kifuniko kinajikaza chenyewe. Weka kipande cha ngozi nyembamba chini ya jani la bawaba. Kikinasa mbele, kasha limevimba kwa kimo. Hapo toa milimita moja, si zaidi, ukijua kwamba Januari patabaki nafasi ya kupitisha ukucha.

Kufuli lisilozunguka shambani huku nyumbani lilizunguka vizuri, mara nyingi ni zima. Ubao wa mbele umepanda, ulimi wa kufuli haukutani tena na tundu lake kwenye komeo. Lirefushe tundu la komeo kwa tupa. Kufuli usiliguse.

Kitako kimeachia

Unainua kasha, vitu vinabaki chini. Kitako kilikuwa kimepigiliwa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo uzito wote ulikuwa unang'oa misumari kila siku. Deraya kamili ya bamba ya karne ya 15 ina kilo 20 hadi 25, na mwenye nayo huitupia kasha humohumo juu ya sufuria za chuma.

Kitako kishikwe na mbao za pembeni, kisining'inie. Chimba mfuo kwenye mbavu kitako kiingie humo, misumari ipigwe kutoka ubavuni, ibebe uzito kwa kukatwa badala ya kuvutwa. Kama hutaki kubomoa kasha, funga fito mbili ndani, chini ya kitako, zikae kama rafu. Kasha la zana la Mästermyr, lililofukuliwa 1936 kwenye kinamasi kilichokaushwa kisiwani Gotland, Uswidi, lilipita hapo: kitako chake kina ndimi zinazopenya kwenye tundu za mbavu. Lilibeba zaidi ya zana na vyuma 200, na lilikaa tope kwa miaka kama elfu moja. Hakuna mteja wangu atakayelitesa kasha kiasi hicho.

Madoa meusi

Weusi wa bluu unaotoka kuzunguka msumari, ukatelemka kama machozi: huo ni mwaloni, chuma na maji. Mwaloni una tanini nyingi, tanini ikikutana na chuma penye unyevu inatengeneza rangi nyeusi isiyotoka kwa sabuni. Wino wa vitabu vya Ulaya ya Zama za Kati ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo, kwa uvimbe wa majani na matawi ya mwaloni na chumvi ya chuma. Kwa hiyo doa lako ni halali kihistoria. Shati la kitani lililolala juu ya kichwa cha msumari halitafarijika kwa habari hiyo.

Yakitokea madoa madogomadogo yaliyotapakaa, tafuta chanzo karakana: vumbi la kunolea chuma limeangukia mbao, au umesugua kwa sufi ya chuma, nyuzi zikabaki. Mwaloni usugue kwa msasa au kwa kipande cha chuma cha kukwarua, sufi ya chuma iweke mbali.

Kuondoa, tumia asidi oksaliki iliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, kabla ya kupaka mafuta. Ni sumu: vaa glavu na miwani, ukishamaliza suuza mara kadhaa kwa maji mengi, na usipige msasa kabla ya kusuuza, maana vumbi lake likiingia puani linachoma. Paka ubao mzima. Ukipaka doa peke yake utabaki na duara jeupe.

Kuzuia ni kazi nyepesi zaidi. Bawaba na misumari mikubwa ipashe moto nje ya nyumba, uichovye kwenye mafuta ya kitani au uisugue nta ikiwa bado moto. Inabaki nyeusi nzuri kama imetoka kwa mhunzi. Bawaba yenye ngozi ya zinki usiipashe kamwe, moshi wake unadhuru.

Meza inayumba

Meza ya kula ya Zama za Kati, kwa watu wengi, ilikuwa ubao mrefu juu ya farasi wawili, yaani vigoda virefu vya kuwekea ubao. Baada ya chakula inaondolewa, ukumbi unabaki wazi. Hii ni zawadi kwa mtu wa kambi, kwani inapangika garini bila mabishano.

Ikiyumba, hesabu miguu. Farasi wa miguu minne shambani atayumba tu, hata ukimpima kwa milimita, sababu nyasi hazijapimwa. Miguu mitatu haiyumbi popote: ncha tatu daima hupata ardhi. Ndiyo maana farasi wengi wa kale walikuwa na miguu miwili upande mmoja na mmoja upande wa pili. Ukiwapanga, mguu mmoja wa farasi wa kwanza uelekee upande ambao farasi wa pili ana miwili. Wote wakielekea upande mmoja, mlaji akiegemea upande dhaifu meza inamfuata. Ukishatengeneza wa miguu minne usilie, beba vigae viwili vya mbao vya kuchomeka.

Mguu unaocheza ndani ya tundu lake ni jambo jingine. Chomoa uutazame. Ulimi wa mviringo ulioonekana umejaa Machi sasa umekuwa wa yai: ulichongwa ukiwa mbichi, umesinyaa upande mmoja kuliko mwingine. Mpango mzuri ni mguu uwe mkavu kabisa na boriti ya juu iwe na unyevu kidogo zaidi, ili tundu ndilo lisinyae na kuubana mguu. Ukifanya kinyume, gundi haitakuokoa.

Kutibu mguu uliolegea kunataka kabari, na kabari ina upande. Chana ulimi kwa msumeno hadi theluthi mbili ya urefu wake. Uingize mguu, uuzungushe mpaka mkato huo ukatize nyuzi za boriti, uwe msalaba nazo. Mkato ukifuata nyuzi, kabari itaipasua boriti kama kuni, na utasikia mlio ukiwa umechelewa. Chonga kabari ya mwaloni, nyembamba, pana sawasawa na ulimi, igonge kwa nyundo ndogo. Mwanzoni mlio ni wa uwazi, kama unagonga debe lenye nafasi. Kila pigo unapanda kidogo. Ghafla unakuwa mkavu, mfupi, na kabari inaacha kusogea. Simama hapo, pigo moja zaidi linatosha kuharibu.

Anayetaka kuvua miguu kwa safari achonge ulimi wenye kuchongoka, uingizwe kutoka chini bila gundi wala kabari. Uzito wa meza wenyewe unaukaza, na ukitaka kuutoa unaugonga kutoka juu. Weka alama kila mguu na tundu lake. Maseremala wa zama hizo walichora alama za patasi zinazofanana na namba za Kirumi kwenye maungio ya mapaa, kwa hiyo nawe chora I, II, III bila wasiwasi.

Kabari imeingia yote, na bado maungio yanacheza

Hii ni kwa meza zenye ukingo mmoja mrefu wa chini unaounganisha miguu miwili, ulimi ukitokeza nje na kufungwa kwa kabari ya kuchomoa. Kabari imezama mpaka kichwani, mguu bado unalegea. Tatizo ni tundu la kabari limetobolewa nje kabisa ya uso wa mguu. Kabari inabana ukuta wa mbali wa tundu na ukuta wa karibu wa tundu hilohilo, inajikaza yenyewe, mguu haiugusi. Tundu linatakiwa lianzie ndani kidogo, milimita 3 hivi nyuma ya uso wa mguu, ili kabari isukumane na mguu. Lipanue kwa patasi upande wa ndani, utaona meza inavutwa pamoja kwa pigo moja la nyundo. Kila asubuhi ya kambi zigonge kabari kidogo, baridi ya usiku na jua la mchana huzilegeza.

Ubao wa meza unabonyea

Kabla ya kununua mbao nene, sogeza farasi. Watu huwaweka mwisho kabisa wa ubao kila upande ili magoti yapate nafasi, katikati ikabaki inaning'inia. Walete ndani kiasi cha moja ya tano ya urefu kutoka kila mwisho. Kwa ubao wa mita 2, hiyo ni sentimita 40 hivi.

Bado unabonyea? Unene ndio mkubwa wa mambo hapa, kwa kuwa ugumu unapanda kwa mchemraba wa unene, yaani unene mara unene mara unene: kutoka milimita 20 kwenda 25 ni karibu maradufu. Ubao ukiteleza juu ya farasi, pigilia taruma fupi chini yake kila upande wa farasi, au chomeka vijiti viwili. Hilo lifanyike kabla mtu hajaegemea akiwa ameshika mchuzi.

Unga, ukungu, miguu iliyooza

Unga mwembamba kama poda chini ya kasha na vitundu vidogo ubavuni: wadudu wanabungua. Kwa mwaloni hupenda ile nyama nyeupe ya nje ya gogo, karibu na ganda. Fagia, weka karatasi nyeusi chini, rudi baada ya wiki. Unga mpya ukionekana badilisha ubao. Usiponunua mbao yenye nyama nyeupe hutafika hapa.

Ukungu ndani ni nguo zilizofungiwa na jasho. Acha kifuniko wazi asubuhi jua linapoingia hemani. Miguu ya kasha la mbao sita ni vichwa vya ubao vilivyotazama ardhi, vinakunywa maji kama utambi. Viloweshe mafuta ya kitani mpaka vigome kunywa, kisha nta, na kambini uviweke juu ya vipande viwili vya mbao vya kutupa.

Kasha ni zima, lakini halina sura

Hili si ugonjwa wa mbao, ila ndilo linalowauma watu zaidi. Tafuta skrubu za kichwa cha msalaba, ni za miaka ya 1930. Tafuta ukingo wa plaiwudi. Tafuta mng'aro wa vanishi ya plastiki, na mizunguko midogo ya mashine ya msasa inayoonekana jua likipiga kwa ubavu. Randa ya mkono ipite mara ya mwisho juu ya kila uso unaoonekana, hata kama kazi yote ya chini umeifanya kwa mashine. Mawimbi yake madogo ndiyo jicho linayoyatafuta.

Wengine huchanganya karne. Paneli zilizochongwa kama kitambaa kilichokunjwa ni mtindo wa mwishoni mwa karne ya 15. Ukizitia kwenye kambi ya Waviking umepita miaka mia nne na zaidi. Kwa Waviking tazama Mästermyr, au makasha ya meli ya Oseberg iliyofukuliwa Norwe mwaka 1904, yenye mbavu zinazotanuka kuelekea chini.

Na kwa sisi wa pwani kuna mtego wetu. Tumekua tukiona kasha la Kizanzibari, lile la msaji lenye njumu za shaba na droo chini, na mkono unakwenda huko wenyewe. Ni kasha zuri kuliko mengi ya Ulaya, lakini ni la biashara ya Bahari ya Hindi ya karne za baadaye. Kwenye kambi ya 1471 liache nyumbani. Usione haya kutengeneza kitu kisicho na urembo: makasha yaliyotolewa kwenye Mary Rose, meli iliyozama 1545 na kuinuliwa 1982, mengi ni ya kazi, na si yote ya mwaloni.

Haliingii garini, au haliinuliki

Piga hesabu kabla ya kukata. Kasha la sentimita 100 kwa 40 kwa 45, mbao za milimita 25, linakula mita za mraba 2 na kidogo. Kwa mwaloni hiyo ni kama kilo 37 likiwa tupu. Punguza unene hadi milimita 20, unabaki na kilo 30. Tumia msonobari wa milimita 20, unashuka hadi karibu kilo 20. Ongeza deraya na tayari unahitaji watu wawili na mgongo wa kukodi.

Ushauri wangu: tengeneza mawili madogo badala ya moja kubwa. Mästermyr ana urefu wa karibu sentimita 90, na upana na kimo cha robo mita hivi kila kimoja. Linabebwa na mtu mmoja, linapita chini ya kitanda cha kambi, na viti vya nyuma vikikunjwa linaingia kwenye gari dogo. Pima mlango wa nyuma wa gari, si sehemu ya mizigo. Mlango ndio mwembamba. Kwa meza, ubao wa mita 2 huingia kwa mshazari magari mengi, lakini ukiukata vipande viwili kwa urefu na kuviunganisha kwa mataruma ya kuchomoa, utaulaza pembeni mwa makasha. Kambi ikiisha, vyote virudi kwenye banda lisilo na hita.